Sweta Lililokataa Kufumuka

Sufu ikilowa hunuka kondoo. Anayevaa masweta ya dukani ya siku hizi hawezi kulijua hilo, maana masweta hayo hayakuwahi kupita mgongoni mwa mnyama yeyote. Ukiyalowesha yananuka sabuni, ukiyaanika yananuka sabuni, na hata ukiyachemsha pamoja na maharage yatatoka vilevile yalivyoingia. Lakini mwanzoni mwa kipupwe cha mwaka huu nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Ipagala, harufu ile ikanishika puani, nikasimama na ndoo yangu mkononi. Alikuwa ameloweka sweta la mtumba, la kijivu, zito, sufu tupu. Aliponiona nimeganda aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimekumbuka mambo ya utotoni. Akacheka, akaendelea kufua, na mimi nikaenda zangu, kwa sababu si habari ya kusimulia umesimama.

Nawasimulia ninyi wa rika langu, mliovalishwa masweta yaliyofumwa na mama zenu, ambao hamhitaji kuambiwa jinsi shingo ya sufu inavyowasha. Tulikuwa tunaishi Mlali, upande wa Kongwa. Mtu wa pwani ukimwambia kwamba mkoa wa Dodoma una baridi atakucheka, atakutajia jua na vumbi. Aje Mlali mwezi wa saba, asubuhi, upepo ukishuka kutoka milimani, akachote maji kisimani bila sweta, halafu tuzungumze. Baba alikuwa mwalimu katika kijiji cha mbali kidogo na alirudi nyumbani mwisho wa juma. Siku nyingine zote tulikuwa wanne: mama, bibi mzaa baba ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, mimi, na mdogo wangu Elia.

Mama alijifunza kufuma kwa akina mama wa kanisani kabla hajaolewa. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli, alizozisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Uzi hakununua dukani, kwani dukani haukuwapo. Alikwenda mnadani, pale walipouza ng'ombe upande mmoja na mitumba upande mwingine, akatafuta masweta makubwa ya kizungu ili ayafumue. Kabla hajaulizia bei alichomoa unyuzi mmoja kwenye pindo, akauwasha kwa kiberiti mbele ya muuzaji. Ukiyeyuka na kuacha kishanga cheusi, alilirudisha sweta bila neno, hiyo ilikuwa nailoni. Ukinuka nywele zilizoungua, hapo ndipo alipoanza kuongea.

"Mama, utaniunguzia biashara yote," muuzaji mmoja alimwambia kila tulipofika.

"Kama ni sufu haitawaka," mama alijibu. "Inaungua kidogo, inazimika yenyewe. Unaogopa nini kama ni sufu?"

Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kwenye mabutu. Mama aliuviringa kwenye mgongo wa kiti, akaufunga sehemu nne usichanganyike, akauosha, kisha akauning'iniza na kuufunga jiwe kwa chini ili ukauke umenyooka. Na ufumuaji haukuishia kwa masweta ya mnadani. Kila nilipokua, sweta langu lilifumuliwa, likaongezwa rangi nyingine, likafumwa upya kwa kimo changu kipya. Sweta langu la darasa la kwanza lilikuwa ndani ya la darasa la pili, na yote mawili yalikuwa ndani ya la darasa la tatu. Wenzangu shuleni waliita sweta langu kachumbari, na mimi niliwachukia kwa hilo hadi tulipomaliza shule.

Kwa kuwa uzi ulitakiwa udumu miaka, ufuaji nyumbani kwetu ulikuwa na sheria kuliko shule ya baba. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, sabuni iligoma kutoa povu ndani yake na sufu ilitoka kavu na ngumu. Kwa hiyo mvua za mwisho zilipokuwa zinaaga, mama alijaza mtungi mmoja kutoka kwenye bati, akaufunika kwa sinia na jiwe juu yake, na maji yale yaliitwa maji ya masweta. Hata kiu ya namna gani, hukuyagusa. Siku ya kufua alichanganya maji hayo na machache ya moto kutoka jikoni, akachovya kiwiko chake, akaongeza, akachovya tena. Alikwangua sabuni ya mche kwa kisu, akaikoroga mpaka ikayeyuka yote. Sweta alilizamisha na kulibonyeza tu, kulibonyeza na kuliachia. Hakusugua wala hakukamua.

"Maji ya moto yanaua sufu," alituambia kila safari, kama vile tulikuwa na mpango. "Ukiipa moto na ukaisugua, inashikana. Haitafumuka tena mpaka Yesu arudi."

Sehemu yetu sisi watoto ilikuja baada ya kusuuza. Mama alilitandaza sweta juu ya kanga kuukuu, akaviringisha vyote pamoja, halafu akatuosha miguu. Mimi na Elia tulipanda juu ya ile kanga tukiwa tumeshikana mikono, tukakanyaga polepole kutoka huku hadi kule, na maji ya baridi yakawa yanapanda katikati ya vidole vyetu. Elia alikuwa hajaanza shule. Alikuwa mwepesi mno hata maji hayakutoka upande wake, na mimi sikuchoka kumwambia hivyo. Tulipomaliza, mama alililaza sweta kwenye kitanda cha kamba kivulini, akalivutavuta mikono na mabega akipima kwa shibiri zake, akalifunika kwa kanga nyepesi kuzuia vumbi. Kulitundika kwenye kamba ilikuwa dhambi. Elia aliamini sweta linalala kwa sababu linaumwa, akawa anakwenda kulichungulia chini ya ile kanga na kuliuliza hali.

Sasa nifike kwenye sweta lake. Mwaka mmoja mama alipata mnadani sweta la kahawia lililoliwa na nondo kifuani. Hadi leo sijaona tena rangi ile, kahawia yenye wekundu ndani yake, na uzi wake ulikuwa laini usiowasha. Niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa msichana, nilikuwa na sweta la kachumbari, na niliona haki yote iko upande wangu. Mama alipima uzi kwa macho akatikisa kichwa.

"Hautoshi mtu wa kimo chako. Utamtosha Elia. Naye akikua ukimbana, tutaufumua, na wewe utapata mikono yake."

Elia alilivaa kipupwe chote. Alilivaa juani, akalia lilipofuliwa. Mimi nilimwangalia akilipaka uji mikononi na roho ikaniuma, siwezi kusema uongo katika hili. Siku moja tulikuwa wawili tu nyuma ya zizi. Nilimwomba anipe nilivae kidogo, akakataa, akajikumbatia kwa mikono yote miwili. Nikamwambia, "Naomba Mungu usilivae tena." Akanijibu, "Nitalivaa kesho," na kweli kesho yake alilivaa.

Joto liliporudi masweta yaliingia sandukuni. Mvua zikanyesha. Homa ilimshika Elia siku ya Jumapili, na Alhamisi tukamzika. Alikuwa hajalivaa tena.

Mtoto wa miaka kumi hahitaji mtu wa kumsaidia hesabu ya namna hiyo. Nilikuwa nimeomba, na nilikuwa nimepewa. Nilikaa msibani katikati ya wanawake waliokuwa wananivuta vifuani mwao na kuniita maskini ya Mungu, na nikawa naogopa kwamba mmoja wao atanusa jambo lile kwangu. Sikumwambia mtu yeyote.

Baada ya matanga nguo zake ziligawanywa kama ilivyo desturi. Zilikuwa chache, kaptula mbili, shati la kanisani, fulana. Bibi ndiye aliyezitoa sandukuni na kuzipanga mkekani mbele ya ndugu, na sweta la kahawia akaliweka juu. Mama alinyoosha mkono akaliondoa.

"Hilo nalo lina mwenyewe?" bibi aliuliza, kwa upole.

"Hili nitalifumua, mama," alisema mama. Ndugu wakagawana zilizobaki.

Alingoja mpaka karibu na kipupwe. Mchana mmoja aliniita ukumbini, akaniambia ninyooshe mikono, kwa sababu ndivyo tulivyofumua siku zote: yeye anavuta, uzi unajizungusha kwenye viganja vyangu vilivyosimama. Alitafuta lile fundo la mwisho shingoni, akalikata kwa wembe, akavuta. Shingo ikaondoka. Yakafuata mabega. Mstari mmoja baada ya mwingine ulitoka kwa mlio mdogo wa kuchanika, ingawa hakuna kilichochanika, na uzi ule ukawa unanizunguka mikononi ukiwa bado na vumbi lake na harufu ya kichwa chake. Mama hakulia. Alikuwa anahesabu mistari kwa midomo, kama siku zote, na mimi nilimtazama nikaona kwamba anamfumua Elia na anahesabu. Nilimchukia. Leo najua mtu anaweza kuhesabu ili asilie, lakini leo nina miaka zaidi ya hamsini.

Alipomaliza alinivua ule uzi mikononi, akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu msiba.

"Umeona sasa? Utapata mikono yake, kama nilivyokuahidi."

Mama anajua, nilijiambia. Kuna aliyemsimulia maneno yangu ya nyuma ya zizi, labda Elia mwenyewe kabla hajafa, na sasa ananivalisha kosa langu ili kila mtu alione. Hakuna maelezo mengine yaliyonijia, na sikuyatafuta.

Alilifuma kwa majuma matatu. Mwili ulikuwa wa bluu na kijivu kutoka kwenye sweta langu, mikono ilikuwa ya kahawia. Alinipima mgongoni kila jioni nikiwa nimekaza meno. Siku zile mama alikuwa mtu wa kusahausahau. Aliunguza mboga, alitia chumvi mara mbili, aliwahi kuniita Elia mbele ya wageni. Bibi alimkalia karibu, akawa anasema ni huzuni, itapita.

Sweta jipya halikuvaliwa kabla ya kuoshwa, ili vitanzi vitulie. Asubuhi ya siku ya kulifua mama aliweka beseni karibu na jiko, akachanganya maji ya mtungi na kopo moja la moto kutoka kwenye sufuria ya maji ya ugali, akachovya kiwiko, akalizamisha sweta. Hapo wageni wakabisha hodi mbele, ndugu zake wawili waliochelewa kuja kutoa pole. Aliinuka akipangusa mikono.

"Nyemo, usiliguse. Nakuja sasa hivi."

Nilisikia sauti za mbele zikianza na salamu, kisha zikashuka, kisha kilio kikaanza upya kama kinavyoanza anapofika mtu ambaye hakuwapo. Nikajua atakawia. Sufuria ilikuwa inatokota. Niliishika kwa matambara mawili nikaimimina yote ndani ya beseni. Mvuke ulinipiga usoni, ukanuka kondoo, na kondoo yule alinuka kuliko siku zote. Nikachukua mche wa sabuni, nikakoroga kwa mwiko, na maji yalipokubali vidole nikasugua ile mikono ya kahawia kwa ngumi zangu mbili, nikasugua kama mtu anayefua magunia. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa nafanya kazi. Niliona kwamba sweta likifa hakuna atakayelivaa, na lisipovaliwa mimi sitakuwa nimelipata, na hivyo maombi yangu yatakuwa hayakujibiwa. Niliacha sufuria tupu pale pale kando ya beseni nikakimbilia nyuma ya zizi.

Niliporudi wageni walikuwa wamekwenda. Mama alikuwa amepiga magoti chini, bibi amesimama nyuma yake. Sweta lilikuwa mapajani mwa mama na lingemtosha mtoto wa mwaka mmoja. Lilikuwa nene na gumu kama kipande cha blanketi la jeshi. Alilivuta kwa mikono yote miwili, akalikanyaga upande mmoja kwa goti na kuvuta upande mwingine, halikusogea. Kisha akafanya kitu ambacho sijaweza kukisahau. Alitafuta lile fundo la mwisho, kwenye mkono wa kahawia, akalichokoa kwa ncha ya spoku mpaka akalipata, akavuta. Uzi ulikatika ukiwa mrefu kama kidole. Akachokoa tena, ukakatika. Alijaribu upande wa chini, akajaribu kwenye kwapa. Vinyuzi vifupi vya kahawia vikawa vinajaa kwenye kanga yake, na sweta lenyewe halikupungua hata mstari mmoja.

Mpaka hapo sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimedhani naharibu vazi langu. Kumbe mama hakuwa anafuma sweta tu. Alikuwa ameuhifadhi ule uzi, kama alivyohifadhi nyuzi zetu zote, aufumue mwakani na mwaka utakaofuata, auongeze, auoshe, Elia aendelee kupita mikononi mwake kila kipupwe nikiwa naongezeka kimo. Hapakuwa na kitu kingine chake. Hatukuwa na picha.

Mama aliinua uso akanitazama moja kwa moja.

"Nimefanya nini mimi?" alisema. "Nimemwaga maji yote. Nimeliunguza mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Bibi akatangulia, akamshika bega. "Umechoka, mwanangu. Kichwa kimechoka. Acha." Akamwinua, wakaingia ndani, na mdomo wangu ukajifunga.

Hivi ndivyo nilivyolielewa jambo lile kwa zaidi ya miaka arobaini. Mama alijua. Angekosaje kujua, mama aliyejua hata nani kalamba sukari? Alinitazama machoni, akaliona kosa langu, akalibeba yeye mbele ya mkwe wake ili mimi nisalimike. Nilikua na imani hiyo. Nilimwambia mume wangu habari hiyo tulipokuwa wachumba na machozi yakanitoka kwa jinsi mama alivyonipenda. Niliwahi hata kuitoa kama ushuhuda katika kikundi chetu cha akina mama hapa mjini, nikasifiwa kwa kuwa na mzazi wa namna ile. Sikuwahi kumwambia mwenyewe, kwa sababu niliona kumwambia ni kuifungua zawadi aliyoifunga kwa makusudi. Nadhani hilo ndilo jina zuri nililoupa woga wangu.

Mama hakufuma tena. Zile spoku alimpa mke wa jirani, na kipupwe kilichofuata baba alininunulia sweta mnadani bila kuchoma unyuzi. Bibi akahamia jikoni kwetu, hakuondoka mpaka alipokufa. Na mama akaanza tabia ambayo imekuwa mzaha wa familia nzima. Hamalizi jambo mpaka amepata shahidi. "Nyemo, nimetia chumvi?" "Nyemo, umeniona nikifunga mlango?" Akitoka nyumbani hurudi mara mbili kugusa kufuli. Baba alimtania, nami nilimtania, wajukuu wake nao wamekua wakimtania. Hakuna mtoto mwingine aliyekuja baada ya Elia. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikabaki mmoja.

Baada ya baba kufariki nilimleta mama hapa Ipagala. Haikupita wiki mbili tangu harufu ile ya kwa jirani inisimamishe, tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana Jumapili, mimi, mama na watoto wangu wawili ambao sasa wako chuo. Mama alikuwa ameinuka kwa mara ya tatu kwenda kutazama gesi.

"Bibi, imezimwa," binti yangu alisema. "Umeizima mwenyewe na mimi nimeona."

"Bibi angefaa kulinda ikulu," akasema kaka yake. "Adui angechoka kabla hajafika getini."

Mama alicheka pamoja nao. Huwa anacheka. Alirudi akaketi, akalaza kanga yake magotini.

"Chekeni," alisema. "Mimi niliunguza sweta la marehemu mjomba wenu kwa mikono yangu hii. Nilimwaga sufuria nzima ya maji ya moto, na hadi leo sikumbuki niliimwaga saa ngapi. Mtu aliyewahi kufanya hivyo na asikumbuke, akae akijiamini kwa lipi?"

Nilikuwa nimebeba sahani. Nilizirudisha mezani moja moja. Hakuwa anamficha mtu yeyote. Alikuwa anawaeleza wajukuu zake jambo la kweli kuhusu yeye mwenyewe, kama mtu anavyoeleza kwamba ana kisukari.

Niliwangoja watoto waondoke kwenda mazoezi ya kwaya. Kisha nikakaa mbele yake.

"Mama, yale maji nilimwaga mimi."

"Maji gani?"

"Ya sweta. Lenye mikono ya Elia. Ulipokwenda kupokea wageni."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya watu wengine. Nikamweleza yote, na nyuma ya zizi, na maombi, na uzi mikononi mwangu, na sufuria. Nilimwambia kwamba miaka yote nilidhani anajua, kwamba alinitetea kwa bibi.

"Nijue nini?" alisema. "Nilikuta sufuria tupu kando ya beseni. Nani angemwaga kama si mimi? Wewe nilikuwa nimekukataza."

Alisema hivyo bila kunilaumu. Ilikuwa ni hesabu tu aliyoipiga siku ile na ikamtosha. Akaangalia viganja vyake, akavigeuza, akavilaza tena.

"Baba yako alitaka mtoto mwingine," alisema. "Aliomba miaka mingi. Nikawa namwambia Mungu hajaleta. Hakuwa Mungu, Nyemo. Nilikuwa nakwenda zahanati kupewa vidonge, na hakuwahi kujua. Nilisema, mtu anayemimina maji yanayotokota kwenye beseni akiwa hana habari, atamwogeshaje mtoto mchanga? Nitaamka lini nikute nimemuua?"

Niliteremka kwenye kiti nikapiga magoti mbele yake, mtu mzima na magoti yangu mabovu. Nikamwomba anisamehe. Aliniwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe. Ulikuwa mtoto," alisema. Mkono ulikaa pale kidogo, kisha akauondoa. "Ila ulikua, mwanangu. Uliolewa, ukazaa hawa wawili, ukaniita nije nikuogeshee, nikakataa, ukanicheka. Ungeniambia nikiwa bado na umri wa kuzaa."